Hudihudi wa Tabora

Mtoto wa pwani hulijua jina la hudihudi kabla hajamwona. Hulipata chuoni, katika Surat An-Naml, pale Nabii Sulemani anapowakagua ndege wake na kumkosa mmoja. Na huyo mmoja, akisharejea, huja na habari ya malkia wa Saba ambayo hata nabii mwenyewe hakuwa nayo. Jina hilo hukaa kichwani miaka. Hurudi tena katika mashairi, ndege akitumwa kupeleka salamu kwa mpenzi aliye mbali. Lakini mwenye jina si ndege wa kila ua huku visiwani, na wengi huzeeka wakilijua jina tu. Hata siku moja mtu huyo akapelekwa na kazi, au biashara, au msiba wa jamaa, mpaka Tabora. Akaamka asubuhi, akatoka nje chini ya mwembe, akamwona ndege wa rangi ya udongo uliochomwa, mbawa zake zina milia myeusi na myeupe, mdomo wake mrefu umepinda kidogo, anatembea akichokoachokoa ardhi kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuna aliyemwambia ni nani. Anamjua.

Mshtuko huo wa furaha umeandikiwa vitabu vingi katika lugha za watu wengine. Ulaya na Marekani wako maelfu ya watu ambao maisha yao yote huweka orodha ya ndege waliowaona kwa macho yao. Kila aina mpya huandikwa na siku yake na mahali pake, na wapo wanaosafiri mpaka Tanzania, nchi yenye aina zaidi ya 1,100, ili waongeze mistari michache katika daftari. Si mchezo wa kuchekwa. Anayeweza kusimama saa nzima chini ya mti mmoja, kimya, akingoja kitu kisichozidi kidole, ana adabu ambayo washairi wengi wangefaa kuiazima. Lakini furaha yake, kama inavyoelezwa aghalabu, ni ya ndege asiyekuwamo bado katika daftari: ndege hutangulia, jina hufuata. Ile ya mtoto wa chuoni ni kinyume chake. Jina limetangulia miaka arubaini, na ndege ndiye aliyechelewa.

Ushairi wa Kiswahili umejaa majina yaliyotangulia namna hii, na bado haujatambua kwamba hiyo ni akiba. Jambo hili lafaa litazamwe Tabora hasa, kwa kuwa katika njia ya misafara namna mbili hizi za kuona zilipishana, zikanywa maji ya kisima kimoja, na wala hazikuamkiana.

Njia yenyewe yajulikana. Ilianza Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo penye kiu na hongo, ikafika Unyanyembe, ambako Waarabu na Waswahili walijenga tembe zao Kaze na Kwihara, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, mwendo wa kilomita kama 1,200. Tanzania iliiweka mwaka 2006 katika orodha ya mahali inapopapendekeza kwa UNESCO, kwa jina la njia ya watumwa na pembe, na jina hilo ni la haki. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 miguu ilikwisha kazi. Lakini kabla ya hapo, kutoka Ugogo kwenda mbele, msafiri aliingia katika miombo: msitu wa miti iliyoachana, ambao mwishoni mwa kiangazi, kabla ya tone la mvua, huchipua majani mekundu kama shaba. Neno hilo la wenyeji limechukuliwa na wataalamu wa mimea, nao wakaliita kwalo pori lote la namna hiyo kutoka Tanzania mpaka Angola. Ni mara chache safari ya maneno kwenda upande huo.

Miombo ni mahali pa ajabu pa kutafutia ndege. Mtu aweza kutembea muda mrefu asisikie hata mlio mmoja, akadhani pori limehamwa. Ghafla miti inajaa. Ndege wa aina kumi au kumi na tano huenda pamoja kama harusi, wengine magomeni, wengine majanini, wengine chini, wakipekua wadudu; dakika chache kisha wamepita, na kimya kimerudi. Anayeikuta harusi hiyo amebahatika, na asiyekuwa kimya haikuti.

Misafara haikuwa kimya. Ilikwenda kwa ngoma na bendera, ikaingia mijini kwa mizinga ya bunduki. Tena mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Wanyamwezi walizoea kubeba mabegani na watu wa pwani vichwani, na mwenye mzigo kichwani hatazami juu. Haya yapasa kukumbukwa kabla ya kuwalaumu waandishi wa njia ile kwamba hawakuona kitu.

Na waandishi wapo. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara mwishoni mwa karne ya 19, nayo ikachapishwa Göttingen mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli* zilizokusanywa na Carl Velten. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake Unguja kwa kuombwa na Heinrich Brode, na yakatoka Berlin mwaka 1902 na 1903. Hivi ni vitabu vikubwa, wala si kwa kuwa vimezeeka. Nathari yake ni ya mtu asiyepoteza pumzi: tulilala hapa, tukatoa hongo hii, fulani akakataa, tukapigana, tukapita. Nguo huhesabiwa kwa doti, pembe kwa frasila, siku kwa vituo. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar, alipoandika *Paradise* mwaka 1994, riwaya ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa jina la *Peponi* mwaka 2022, alirudi katika njia hiyo hiyo na maandishi hayo hayo, na haikuwa bure. Ndani ya ukavu ule kuna nguvu ambayo mwandishi mwingine angeimaliza kwa mapambo.

Lakini si vitabu vya kutafutia ndege. Macho ya waandishi wake yako kwingine: kwenye bei, kwenye usalama, kwenye uso wa mtemi anayeamua kama njia itafunguliwa. Wamepita, kwa miezi, katikati ya pori lenye ndege ambao huko kwao Bagamoyo na Unguja hawapo, na kila mmoja wao bila shaka aliona angalau mmoja ambaye hajapata kumwona. Hilo halikuhesabiwa kuwa habari. Kwa nini?

Jibu moja limo ndani ya lugha yenyewe, na ajabu ni kwamba limejificha katika upatanisho wa sarufi. Ndege ni kiumbe mwenye mbawa. Lakini tangu zamani ndege ni fali pia, ishara ya lile litakalokuja. Ndege kiumbe huwa mwema au mbaya kama mtu: ndege mwema, ndege huyu ameruka. Fali ikiwa ya heri huwa ndege njema, na ikiwa ya shari, ndege mbaya. Nafsi imetoka, kimebaki kitu. Kiarabu nacho kina mambo hayo hayo, kwani tiyara, kule kubashiri ambako dini imekukataza, kumetoka katika neno la ndege. Basi msafiri wa mrima alipofunga mizigo na ndege akalia upande wa kushoto, hakuuliza ni ndege gani. Aliuliza anasema nini. Na mtu akiishapata maana ya ndege, hamhitaji tena ndege mwenyewe. Ni kama barua iliyokwisha kusomwa.

Ushahidi ulio bora kuliko wote uko katika jina la mtu mkubwa wa njia hiyo. Kwa nini Hamed bin Muhammed aliitwa Tippu Tip? Mwenyewe katika maisha yake asema ni kwa sababu ya bunduki zake, wenyeji wakiiga mlio uliowatia hofu. Riwaya nyingine ni kwamba alikuwa akipepesa macho, akafananishwa na ndege. Tipitipi ni ndege ajulikanaye pwani na bara, ambaye wengine humwita dudumizi: mkubwa, mzito wa kuruka, kahawia mbawani, jicho jekundu, na sauti yake hushuka kama maji yanayomiminika kutoka shingo ya chupa, watu husema anaita mvua. Yumkini riwaya zote mbili zina ukweli wake, kwa kuwa lakabu haina cheti. Linalostahili kuzingatiwa na msomaji ni uchaguzi. Mzee amekaa nyumbani kwake Unguja, anatunga maisha yake ili yasomwe, mbele yake kuna bunduki na ndege, naye achagua bunduki. Kwa mfanyabiashara na mtawala uchaguzi huo una hekima yake. Kwa fasihi ni hasara, maana kitabu kile kingefunguka kwa namna nyingine kabisa kama jina la mwenyewe lingelia mvua badala ya baruti.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1880 kijana wa Kijerumani, Richard Böhm, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1854 na msomi wa elimu ya wanyama, alipanda bara kutoka pwani pamoja na wenzake, miongoni mwao Paul Reichard, wakapita njia ile ile ya pembe na kuweka kituo Kakoma, kusini ya Tabora. Alikuwa na kitu ambacho Selemani hakuwa nacho: ruhusa ya kukaa. Hakudaiwa faida ya pembe. Kazi yake ilikuwa kutazama, na alitazama miezi na miaka, Ugunda na kando ya mto Ugalla, akipeleka ngozi za ndege na barua kwao. Mwaka 1884, akiwa bado hajatimiza miaka 30, alifariki Katanga. Barua zake zilikusanywa na Herman Schalow na kutolewa Leipzig mwaka 1888 kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni *Kutoka Zanzibar mpaka Tanganyika*.

Ndege watatu wamebeba jina lake mpaka leo. Mmoja ni keremkerem mdogo, kijani, mwenye kofia ya rangi ya kutu na manyoya mawili ya mkia yaliyorefuka kama nyuzi, ambaye Reichenow wa Berlin alimwandika mwaka 1882. Wa pili, aliyeandikwa na Schalow mwaka huo huo, hufanana na mbayuwayu asiye na mkia. Tumbo jeupe, na kuruka kwake ni kwa kutapatapa, kiasi kwamba jioni mtu humdhania popo. Wa tatu, wa mwaka 1884, ni ndege mdogo wa miombo adakaye wadudu hewani, kifua cheupe kilichotiwa madoa meusi yenye ncha kama vichwa vya mishale. Huyu wa tatu ndiye wa Tabora hasa. Hana rangi ya kumwita mtu, na mpita njia hatamwona asipokuwa ameketi.

Ni rahisi mno leo kumhukumu Böhm. Ndege hao hawakuwa wapya kwa mtu yeyote wa Ugunda. Wavulana waliochunga na wawindaji waliotembea naye waliwajua, na majina yao hayakuulizwa, au yaliulizwa yakabaki pembeni. Tena kuona kwa siku zile kulikuwa kwa bunduki. Ili ndege aonekane mara ya kwanza Berlin, sharti afe Kakoma, achunwe, apakwe dawa, abebwe kichwani mwa mpagazi mpaka pwani. Hukumu hiyo ni ya kweli, na haitoshi. Inamwacha nje yule kijana aliyetulia chini ya mti Unyamwezi hata akapambanua kifua chenye madoa ya mishale na kifua chenye michirizi. Waandishi wa Kiswahili waliopita hapo walikuwa na lugha iliyo karibu zaidi na ndege hao, na hawakutulia. Mwenye lugha hakuwa na wakati, na mwenye wakati hakuwa na lugha: ndivyo walivyopishana.

Kuna mtu wa tatu ambaye kisa chake kinasumbua zaidi. Emin Pasha, aliyezaliwa Eduard Schnitzer, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa ndege tangu siku za utawala wake Ikweta huko Sudani ya kusini, na alikuwa mtu wa macho mabovu. Desemba 1889, usiku wa karamu ya kumlaki Bagamoyo, alianguka kutoka ghorofani, na udhaifu wa macho ukatajwa kuwa sababu. Mwaka uliofuata alikuwa tena njiani, akiongoza msafara wa Wajerumani, na katikati ya 1890 alifika Tabora na kutweka bendera yao, jambo ambalo halikuwa katika maagizo yake. Wanahistoria hukumbuka bendera. Mshairi angekumbuka kwamba mtu huyu, aliyesogeza kitu karibu kabisa na uso ili akione, aliendelea kukusanya ndege mpaka alipouawa Kongo mwaka 1892. Ndege waliokuwa matawini hakuwaona sawasawa. Aliwaona kitangani, wakiwa wamekufa, shibiri moja kutoka jichoni. Na kila mpya, bila shaka, moyo ulimruka.

Kwamba ndege aweza kuwa mpya kwa mmoja na mzee kwa mwingine, hakuna kisa kinachoonyesha kuliko cha milima ya Udzungwa, mbali na Tabora, upande wa kusini mashariki. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa wamepiga kambi msituni walitupa jicho katika sufuria ya chakula na kuona miguu ya ndege wasiyoitambua. Ndivyo ulimwengu wa sayansi ulivyompata kwale wa Udzungwa, ambaye mwaka 1994 alitangazwa kuwa aina mpya, tena jenasi mpya, mwenye ujamaa na ndege wa misitu ya Asia. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Lakini aliyemtia sufuriani alikwisha kumjua, angalau kwa ladha. Kuona kwake kwa mara ya kwanza, kulikokuwa siku gani na kwenye kichaka kipi, hakumo katika jarida lolote.

Mambo haya yote humfikia mfasiri katika sura moja, nayo ni jina. Ndege wa Böhm aitweje kwa Kiswahili? Orodha za sasa hupenda njia ya mkato: keremkerem wa Böhm, na kadhalika. Si kosa, maana jina ni sehemu ya historia, na keremkerem ni neno zuri la asili linalosikika kama ndege wenyewe wanaposemezana angani. Lakini mfasiri anayeishia hapo amefasiri karatasi, hajamfasiri ndege. Mfano mbaya zaidi uko kaskazini magharibi ya Tabora, katika mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Humo hukaa ndege mkubwa wa kijivu, kimo chake kifuani mwa mtu, ambaye husimama majini bila kutikisika kwa muda mrefu hata akadhaniwa gogo, kisha hujitupa mzimamzima juu ya samaki. Mdomo wake ni mpana kama kiatu cha mti. Waarabu wa Sudani walimtazama wakamwita Abu Markub, mwenye kiatu, na kila ajuaye markub ni nini ameishamwona nusu. Mwingereza John Gould, aliyepata ngozi yake London katikati ya karne ya 19, alimpa jina la kitaalamu lenye maana ya mfalme mwenye kichwa cha nyangumi. Kiswahili kikafuata ngozi, kikamwita korongo-nyangumi. Hivyo mnyama wa bahari kuu ameketishwa kichwani mwa ndege wa matopeni, kilomita zaidi ya mia nane kutoka pwani, na watu wa Malagarasi waliompisha kwa mitumbwi hawakuulizwa. Ikiwa liko jina ambalo ushairi ungepaswa kulifanyia kazi upya, ni hilo.

Ama ndege wa asali, yeye amegeuza mchezo wote. Tabora ni nchi ya asali tangu kale, na katika miombo yake yumo ndege mdogo wa rangi ya vumbi ambaye akimwona mtu hulia, akaruka mti wa mbele, akalia tena, mpaka amfikishe mrina asali kwenye mzinga wa nyuki. Naye baadaye hupata nta na majana. Mtu aliyetangulia msafara na kushika njia aliitwa kirongozi, na kazi yake ndiyo hiyo hiyo. Anayeingia pori hilo kwa mara ya kwanza na darubini yake atazame aongeze mstari katika orodha, huenda asijue kwamba ameishatazamwa, ameishapimwa, na sasa anaitwa.

Ushairi wa Kiswahili una ndege wake, nao ni wachache: ninga, njiwa, kasuku, chiriku, tai, kipanga, bundi, na tausi. Kila mmoja ana cheo chake kilichokwisha pangwa. Ninga ni mpenzi, chiriku ni msemaji asiyechoka, bundi ni msiba, tausi ni uzuri wenye maringo. Tausi hasa anashangaza. Ni ndege wa Bara Hindi aliyeletwa kwa mapambo ya nyumba za wakubwa, na hata hivyo katika beti ana watoto wengi kuliko hondohondo, ambaye yuko kila mahali bara na ana mdomo wa kuandikiwa tenzi nzima. Haya si malalamiko dhidi ya mapokeo. Mapokeo yamefanya kazi kubwa: yameyatunza majina, na jina lililotunzwa ni nusu ya kuona. Lawama iko kwa anayetumia jina kama sarafu asiyoitazama. Pemba kuna ninga ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humo, na mara ngapi ninga wa beti, hata zilizotungwa Pemba kwenyewe, ana mguu, au jicho, au mti anaoupenda? Na kunguru wa Kihindi, ambaye leo ni balaa ya Mji Mkongwe, aliletwa Unguja miaka ya 1890. Iko asubuhi ambayo mji mzima ulimwona ndege mpya. Nani asingetoa kitu leo apate beti tatu za mtu aliyesimama barazani siku hiyo, kabla kunguru hajawa kero na kabla hajawa methali?

Kinachotakiwa si ushairi wa orodha. Orodha ina furaha yake, na ushairi ukijifanya daftari la mtazama ndege utachosha upesi. Yapo mashairi ya Kizungu ya namna hiyo, yaliyojaa majina kama kabati la makumbusho, na hayaruki. Kinachotakiwa ni ile saa ambayo jina la zamani na ndege wa leo hukutana, na kimoja kikamsahihisha mwenziwe. Maana jina huwa na makosa pia. Aliyembeba hudihudi kichwani tangu chuoni amembeba mjumbe wa mfalme, mwenye taji, na amemfanya mkubwa kiasi cha kuku au zaidi. Hudihudi hazidi ninga. Huruka kama kipepeo, kwa kuyumba, utadhani hajui aendako, na si rahisi kuamini kwamba ndege wa mruko ule alikwenda Saba akarudi. Huitika kwa sauti ya chini, hup-hup-hup, ambayo Waarabu waliisikia hudhud na Warumi upupa, kila mmoja kwa sikio lake.

Na taji lenyewe, ambalo watu humchorea wima daima, muda mwingi limelala. Anapotembea chini ya mwembe wa Kwihara akitafuta wadudu, kishungi kimefungwa nyuma ya kichwa kama upepo uliokunjwa. Akishtuka akaruka, akatua ukutani, ndipo hukifungua chote kwa mara moja, na ncha zake nyeusi huonekana. Kisha hukikunja tena, akashuka, akaendelea kuchokoa.